Kaka yuko Minnesota, gereji iko Kisongo: sakafu ya zege iliyopasuka nibadilishe vipi?

Swali limetoka kwa dada mmoja anayeishi nje kidogo ya Arusha, upande wa Kisongo. Nalifupisha hivi: "Shikamoo fundi. Sakafu ya gereji yetu ya nyumbani, mita 6 kwa 6, imepasuka katikati na kila masika inainuka mpaka mlango wa gereji haufungi vizuri, ukame ukija inashuka tena. Kaka yangu yupo Minnesota, Marekani, na yeye alibadilisha ya kwake. Ananiambia nivunje yote, chini niweke kokoto safi na bodi za povu, zege liwe na ile dawa ya kuingiza hewa, na nisimwage kipindi cha baridi. Fundi wangu wa hapa anasema nisijisumbue, tuongeze zege jembamba la sentimita 4 juu yaishe. Nimsikilize nani?"

Marahaba mdogo wangu. Hicho ulichotaja kama pembeni tu, kwamba masika inainuka na ukame ukija inashuka, ndo kimenisaidia kuliko hata picha ulizotuma. Jibu la haraka ni hili: kwenye kuvunja yote kaka yako yuko sahihi, povu na dawa ya hewa achana navyo, kokoto safi hapo kwako ni hatari kabisa ntakueleza mbele, na hilo zege jembamba la sentimita 4 la fundi wako usikubali hata akikufanyia bure. Sasa twende taratibu kwenye sababu, maana usipoielewa sababu kesho atakuja mwingine na ushauri wake na utayumba tena.

Kaka yako hajakudanganya. Kule anakokaa adui wa sakafu ya gereji ni barafu, na barafu inaipiga sakafu kutoka chini na kutoka juu. Ya chini ndo kubwa. Minnesota baridi inaweza kushuka mpaka nyuzi 30 chini ya sifuri na ardhi inaganda kwenda chini kweli kweli, kiasi kwamba kanuni zao za ujenzi zinataka misingi ishuke inchi 42 upande wa kusini wa jimbo na inchi 60 upande wa kaskazini, yaani kuanzia mita 1 na kidogo mpaka mita 1 na nusu, ili kitako cha msingi kikae chini ya pale baridi inapofika. Watu wengi wanadhani kinachonyanyua sakafu ni maji kutanuka yakiganda. Kweli maji yakiwa barafu yanaongezeka ujazo kama asilimia 9, ila hiyo peke yake ni ndogo. Kinachonyanyua hasa ni kwamba ile sehemu iliyoganda inavuta maji mengine kutoka chini ambako bado hakujaganda, yanapanda kwenye vitundu vya udongo, yakifika pale juu yanaganda nayo, tabaka juu ya tabaka, wiki baada ya wiki, mpaka jamvi zima, yaani lile bamba la zege la sakafu, linasukumwa juu. Udongo wenye chembe laini kama vumbi ndo mbaya zaidi kwa hilo kwa sababu unavuta maji vizuri, kokoto safi haivuti, na ndo maana kaka yako akaweka kokoto. Baridi ikiisha lile barafu linayeyuka, chini panabaki uji, sakafu inakaa hovyo na gari likipita inapasuka.

Ukitaka kuona hiyo kitu siyo lazima upande ndege, waulize wapagazi wa Kilimanjaro. Ukishapita Horombo ukawa unaelekea Kibo, huko mita 4,000 na zaidi, asubuhi mapema unakuta ardhi imechomoza visindano vya barafu vimesimama wima vimebeba chembe za udongo na vijiwe juu yake, ukikanyaga vinavunjika kwa mlio, jua likishakuwa kali pote ni tope. Hapo unaiona barafu ikibeba udongo kwa macho yako. Mlimani inatokea usiku na mchana inayeyuka, Minnesota inakaa hivyo miezi. Ila Kisongo, Njiro, Moshi mjini, hamna kitu kama hicho. Arusha tupo kama mita 1,400 juu ya bahari, Julai tunavaa makoti na asubuhi hatuuoni hata Meru kwa mawingu, lakini ardhi haigandi.

Kwa hiyo bodi za povu hazina kazi ya kufanya kwako. Kule zinazuia joto lisitorokee ardhini, hasa gereji ikiwa inapashwa moto, na hela yake inarudi kwenye bili. Wewe hupashi gereji moto. Alafu kuna mchwa. Mchwa povu hawali, ila wanalitoboa na kupita ndani yake bila wewe kuona chochote mpaka wakute mbao za mlango au kenchi, na Marekani yenyewe kwenye yale maeneo ya kusini yenye mchwa wengi sana kanuni zao zinakataza povu kufukiwa ardhini. Sasa na mchwa wa huku tulivyowazoea, ukawatengenezee barabara ya kulipia?

Dawa ya hewa nayo ina historia yake nzuri. Gari la kule linaingia gereji limebeba theluji iliyochanganyika na chumvi wanayomwaga barabarani, inayeyuka, maji yanazama kwenye zege, usiku yanaganda, na ngozi ya zege inaanza kubanduka magamba. Miaka ya 1930 Wamarekani wakagundua kwamba zege likiwa na vijipovu vidogo vidogo vya hewa vilivyotawanyika vizuri, maji yanapotanuka yanapata pa kupumulia na zege halibanduki, na mpaka leo zege la gereji sehemu za baridi kali linatakiwa liwe na hewa kama asilimia 5 mpaka 7 ya ujazo wake. Lakini hewa siyo nguvu. Kila asilimia moja ya hewa unayoongeza inakula karibu asilimia 5 ya nguvu ya zege. Kule wanakubali hiyo hasara na kuifidia kwa saruji zaidi kwa sababu bila hewa sakafu haimalizi miaka mingi, wewe ungekuwa unanunua udhaifu tu. Na kingine, zege la hewa halitaki kusuguliwa na mwiko wa chuma mpaka ling'ae, ngozi ya juu inaachana na ya chini, na najua mafundi wetu wanavyopenda sakafu ya niru, ile ya saruji iliyosuguliwa ikang'aa, hawawezi kujizuia.

Sasa tuje kwako. Chini ya gereji yako kuna kitu kinachonyanyua, ila kinanyanyua kwa maji tu, baridi haihusiki. Ni ule udongo mweusi wa mfinyanzi, wa mbuga, ambao kiangazi unapasuka nyufa mpaka mkono unaingia na masika unanata kwenye buti mguu unakuwa mzito kama umevaa tofali. Chembe zake ni sahani nyembamba sana ambazo zinapitisha maji katikati yao, zikinywa zinatanuka, zikikauka zinasinyaa. Na nguvu yake siyo ya mchezo, jamvi jepesi la gereji lisilo na nyumba juu yake haliwezi kuuzuia. Ndo maana katikati panainuka: pembeni kuna kuta zinakandamiza, katikati hakuna mzigo.

Kabla hujaniamini mimi, pima. Chimba pembeni ya gereji nusu mita kwenda chini, chukua udongo wa huko siyo wa juu, uanike ukauke kabisa, usage, uchekeche kwa chekecheo la chai. Chukua chupa ya mtoto ya maziwa yenye alama za mililita (usiirudishie mtoto tena), weka maji mililita 150. Pima unga wa ule udongo mililita 30 kwa kikombe cha dawa ya mtoto, usiushindilie, uumimine kwenye maji kidogo kidogo uzame wenyewe, kisha uache mpaka kesho yake muda kama huo. Soma ulipofikia udongo uliotulia chini. Ukiwa bado kwenye 30 au 35 udongo wako hauna shida ya kutanuka na tutafute sababu nyingine. Ukifika 45, yaani umeongezeka nusu, ni wa kuuogopa. Ukifika 60 umeongezeka mara mbili na hapo hakuna mjadala, unatoka. Kipimo hiki cha maabara kinafanywa kwa vyombo vya usahihi zaidi, lakini kwa kuamua kama unachimba au huchimbi kinakutosha.

Kwa wengine mnaosoma, siyo kila sakafu iliyopasuka ni udongo mweusi. Kama sakafu inashuka tu na haijawahi kuinuka, hasa kandokando ya kuta, na ukiigonga kwa mpini wa nyundo inaitika kama ngoma, basi ni kifusi kilichojazwa ndani ya msingi kwa siku moja na kumwagiwa maji badala ya kushindiliwa. Hiyo ipo Arusha nzima na Moshi nzima, na hata kaka yake dada huyu kule Minnesota nyumba nyingi zina tatizo hilo hilo, tope lililorudishwa kwenye mtaro wa msingi bila kushindiliwa linazama na jamvi linabaki hewani.

Na maji yanatoka wapi? Hili fanya kabla ya kununua hata mfuko mmoja wa saruji. Udongo mweusi ukibaki na unyevu ule ule mwaka mzima hausumbui, unasumbua ukibadilika. Angalia bati la gereji, lina gata? Kama halina, maji yote ya masika yanadondoka mstari mmoja pembeni ya ukuta na kuingia chini. Angalia simtanki, likijaa linamwagikia wapi. Chemba za maji taka ziko umbali gani. Funga mabomba yote ndani usiku, usome mita, uisome tena asubuhi, ikiwa imesogea kuna bomba linavuja ardhini. Alafu mti. Kwenye moja ya picha zako nyuma ya gereji naona mikaratusi, na mkaratusi mkubwa karibu na nyumba kwenye udongo wa aina hii ni shida kubwa kwa sababu kiangazi unafyonza maji mengi na udongo unasinyaa upande mmoja tu. Weka gata, bomba la gata lipeleke maji mbali mita 2 au 3, na jenga ukanda wa zege kuzunguka nje ya gereji, upana mita 1, ukiinamia nje. Kuna gereji ambazo hayo tu yangefanywa mapema sakafu isingevunjwa.

Hilo zege jembamba la sentimita 4 la fundi wako sasa unaona mwenyewe. Ufa wa chini unapanda juu masika ya kwanza, kwa sababu kinachosukuma bado kipo pale pale, umeongeza tu mzigo wa sentimita 4.

Kuvunja. Jamvi lako likiwa na unene wa sentimita 10 ni zaidi ya tani 8 za zege, msilichukulie kama kazi ya vijana wawili na nyundo mchana mmoja, kodi breka, mashine ya kuvunjia zege. Lowanisha wakati wa kuvunja na vijana wavae barakoa za vumbi za kweli, siyo kitambaa, lile vumbi la zege likiingia mapafuni halitoki. Zima umeme unaopita chini na jua bomba limepita wapi. Vipande vikubwa vitoe nje kabisa, usikubali virudishwe chini kama kifusi vikiwa vimelala kama sahani maana vinaacha mapango katikati, vikipondwa saizi ya ngumi sawa, vinafaa.

Kisha unachimba udongo mweusi na kuutoa. Sentimita 60 ndo kiwango cha chini ningekubali, 90 ni bora zaidi kama hela inaruhusu, ila hapa sikiliza vizuri: usichimbe chini ya kitako cha msingi wa ukuta, na pembeni ya ukuta acha bega la udongo lenye mteremko, usikate wima. Watu wameangusha kuta kwa hili. Kama kuta za gereji nazo zina nyufa za mshazari au gereji imeshikana na nyumba, ita mhandisi aliyesajiliwa na ile Bodi ya Usajili wa Wahandisi aje aone kabla ya kuchimba, gharama yake ni ndogo ukilinganisha na ukuta.

Ujazo wa shimo la sentimita 60 kwa eneo lako ni zaidi ya mita za ujazo 21, na moramu, ule udongo wa changarawe utakaojazia, ikishindiliwa inapungua, kwa hiyo agiza zaidi kama robo. Na hapa ndo ushauri wa kaka yako unageuka sumu. Kule wanajaza kokoto safi ili maji yasivutwe kupanda juu. Wewe ukichimba shimo kwenye mfinyanzi usiopitisha maji alafu ukalijaza kokoto tupu au mchanga, umetengeneza beseni, maji yoyote yatakayopata njia yatakaa humo na ule udongo mweusi wa chini na wa pembeni utayanywa pole pole mwaka mzima. Unachotaka ni moramu nzuri, yenye mchanganyiko wa mawe na unga wake, ile ya Moshono na kwingineko inapatikana, ikishindiliwa inakuwa ngumu na haipitishi maji kirahisi. Ikague kabla lori halijamwaga: chukua kiganja, ilowanishe, ikinata kama ugali mlaini na kuviringika kamba nyembamba ndefu bila kukatika ina mfinyanzi mwingi, irudishe.

Moramu inawekwa matabaka ya sentimita 15, siyo zaidi, kila tabaka linalowanishwa kidogo na kushindiliwa kwa kompakta ya mashine. Unyevu wake unaupima kwa ngumi: finya kiganjani, ikishikana na ukiiangusha inavunjika vipande viwili vitatu iko sawa, ikisambaa yote ni kavu, ikibanjuka kama chapati imezidi maji. Tabaka limeiva pale kisigino cha buti hakiachi alama. Hapa simama mwenyewe. Nakuambia kwa moyo wote, sakafu ya gereji inapona au inakufa kwenye hii hatua, na ndo hatua ambayo kila mtu anataka kuiruka kwa sababu ikishafunikwa hakuna anayeiona.

Juu ya moramu piga dawa ya mchwa, kisha tandika nailoni ya ujenzi geji 1000, maungio yapandiane sentimita 30, pembeni ipande ukutani. Angalia isitobolewe na toroli.

Kuzunguka kuta zote na nguzo weka ukanda wa softibodi (ubao mlaini unaobonyea) kabla ya kumwaga, ili jamvi jipya lisishikane na ukuta hata kidogo. Hii kaka yako lazima ameifanya na ni sahihi dunia nzima: jamvi linatakiwa lielee, likipanda milimita mbili au kushuka milimita mbili lisiburute ukuta wala ukuta usilivute. Mafundi wengi wa huku wanalibana na ukuta wakidhani ndo uimara, na ufa wa kwanza unaanzia hapo.

Zege lenyewe, unene sentimita 12 na nusu. Kwa mita 6 kwa 6 unapata mita za ujazo 4 na nusu. Changanya moja kwa moja na nusu kwa tatu, saruji, mchanga, kokoto, na hapo utakula mifuko kama 36, nunua 38. Usipime kwa karai, karai linajazwa kilima asubuhi na bapa jioni, tengeneza boksi la mbao lenye ndani sentimita 30 kwa 30 kwa 40, hilo ni sawa na ujazo wa mfuko mmoja wa saruji, kwa hiyo kila mfuko unapata boksi moja na nusu la mchanga na boksi tatu za kokoto. Maji lita 25 kwa mfuko, yaani ndoo kubwa moja na robo, na mchanga ukiwa na unyevu punguza. Vijana watakuambia zege gumu, haliteremki. Wanataka maji kwa sababu zege la uji linajisambaza lenyewe na mgongo unapumzika, nawaelewa kabisa, kazi ile ni nzito, basi ongeza kijana mmoja kwenye kusambaza na kodi vibreta, mashine ya kutikisa zege lijae vizuri, lakini maji usiongeze. Kila ndoo ya ziada ni maji yatakayokauka na kuacha vitundu, na zege litasinyaa zaidi na kupasuka.

BRC, ule wavu wa chuma wa ndani ya zege, saizi ya A142 inatosha. Ila ikae sehemu ya juu ya jamvi, kama sentimita 4 kutoka usoni, ikibebwa na vibiskuti vya zege au vikalio vya nondo. Mara ngapi nimeona BRC imelazwa kwenye nailoni na fundi anasema "tutaivuta na ndoano tukimwaga", wanavuta mara mbili, alafu wanaikanyaga tena, mwisho wa siku iko chini kabisa haishiki ufa wowote. Mteremko kuelekea mlangoni asilimia 1, kwa hiyo sentimita 6 toka nyuma mpaka mbele, maji ya kuosha gari yatoke yenyewe.

Asubuhi ya pili kata jointi kwa grenda ya diski ya almasi, kina sentimita 3, msalaba mmoja katikati, upate vyumba vinne vya mita 3 kwa 3. Zege lazima lisinyae na lazima lipasuke, wewe unaliambia lipasuke wapi. Usisubiri wiki, litakuwa limeshachagua lenyewe.

Kuhusu baridi. Kule kaka yako anachungulia nyuzi 4, zege changa likikaa chini ya hapo linachelewa sana kushika na likiganda kabla halijapata nguvu limeharibika moja kwa moja, na kamwe hawamwagi juu ya ardhi iliyoganda. Wanafunika kwa mablanketi ya zege, wakiwasha majiko ya mafuta lazima moshi utolewe nje, kwa sababu hewa ile inafanya uso wa zege kuwa vumbi na ikikaa ndani inaua watu. Arusha kuanzia Juni mpaka Agosti wewe unamwaga bila shida, kinachobadilika ni kwamba zege linachelewa kushika na maji yanakaa juu yake muda mrefu. Fundi akiona hayo maji anarusha saruji kavu ili yanyonywe apige niru awahi nyumbani. Mkataze. Uso huo utatoa vumbi siku zote na utabanduka. Asubiri maji yaondoke yenyewe, hata kama ni mpaka saa 2 usiku na taa, mlipe muda wake. Kwa jamaa zangu wa Moshi ni kinyume, Januari na Februari jua na upepo vinakausha uso kabla chini hakujashika, unaona nyufa nyembamba siku hiyo hiyo, mwageni alfajiri na mfunike mapema.

Kwako mdogo wangu cha kuangalia kwenye kalenda ni mvua zaidi kuliko baridi. Usiwe na shimo wazi masika wala vuli. Juni mpaka Septemba ni pazuri, ila ukichimba mwisho wa kiangazi na kukuta mfinyanzi wa chini umekauka na kupasuka, usiufunike hivyo hivyo, umwagilie kidogo kidogo siku kadhaa mpaka nyufa zifunge, tope la juu likauke, ndo uweke moramu. Ukiufunika na kiu yake utakuja kunywa baadaye jamvi likiwa juu.

Baada ya kumwaga, siku 7 sakafu isikauke, nailoni juu yake na kulowanisha chini ya nailoni asubuhi na jioni. Gari dogo subiri siku 14 kwa huu ubaridi wa kwenu, gari zito la mizigo siku 28.

Hata ukifanya yote haya, udongo mweusi wa chini zaidi utasogea kidogo miaka yenye mvua kubwa, na unaweza kuona chumba kimoja kimepishana na kingine kama unene wa shilingi. Hiyo ni kawaida, jointi na ule ukanda wa softibodi vipo kwa kazi hiyo, wala usianze kuhangaika.

Kaka yako kama anataka kuchangia, mwambie hela ya povu na ya dawa ya hewa aitume kwa mafungu matatu: la kwanza gata na bomba lake, la pili tripu za moramu, la tatu kukodi kompakta siku zote za kujaza na siyo siku moja. Na wewe anza na ile chupa ya mtoto wiki hii, uniambie udongo umefika ngapi.